Picha, Jina na Mamlaka: Utambulisho wa Watu Weusi Ukitazamwa kutoka Zanzibar

Mwezi wa Disemba 2017, katika mji wa Hull nchini Uingereza, tuzo ya Turner, ambayo ndiyo tuzo ya sanaa yenye kuzungumzwa kuliko zote nchini humo, ilikwenda kwa Lubaina Himid. Magazeti yaliandika kuwa yeye ni mwanamke Mweusi wa kwanza kuipata, na kuwa ni mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia, kwani alikuwa na miaka 63 na sharti la kutozidi miaka 50 lilikuwa ndiyo kwanza limeondolewa. Yalitaja pia kuwa alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alikuwa mtu wa Visiwa vya Komoro na mama yake Mwingereza, mbunifu wa nakshi za vitambaa. Baba alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi michache tu, na mama akamchukua akarudi naye kwao. Msomaji wa Unguja akiipata habari hiyo huanza kujiuliza, kwa sababu mtoto wa baba Mngazija na mama Mwingereza hapa kwetu angeitwa chotara, au angehesabiwa Mngazija kwa ukoo wa baba yake, na neno Mweusi lisingemjia mtu kinywani. Weusi uliotajwa na magazeti yale ulikuwa ni msimamo wa kisiasa wenye historia yake, na mtu asiyeijua historia hiyo hawezi kuuelewa ushindi wenyewe.

Mijadala ya sanaa na watu Weusi hutufikia kutoka London na New York ikiwa imekwisha kukatwa kwa vipimo vya huko, nasi ama huichukua ilivyo ama huisukuma kando kwamba haituhusu. Naona njia zote mbili zina hasara. Hoja ninayotaka kuifafanua hapa ni kwamba kuonekana pichani hakutoshi kumpa mtu nguvu, na kwamba nguvu hukaa kwa yule anayeamua huyo anayechorwa ataonekanaje na ataitwa nani. Historia ya visiwa hivi inalidhihirisha jambo hilo vizuri, kwa kuwa hapa rangi peke yake haikuwahi kutosha kumweka mtu mahali pake.

Tuanze na kule. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Uingereza ilipokea wafanyakazi wengi kutoka visiwa vya Karibi, Bara Hindi na Afrika. Watu hao hawakuwa na lugha moja wala dini moja, na huko walikotoka wasingejihesabu kuwa jamii moja, lakini walipofika walikutana na mambo yale yale: chumba cha kupanga ambacho kila wakibisha hodi kimekwisha kuchukuliwa, zamu za usiku viwandani, na polisi wa kuwasimamisha njiani. Kufikia miaka ya 1970 na 1980 wanaharakati wengi, wakiwemo wenye asili ya India na Pakistani, walikubali kusimama pamoja kwa jina la Weusi, kwa hesabu kwamba anayebaguliwa pamoja nawe ni mwenzako. Hiyo ndiyo siasa ya utambulisho kwa sura yake ya mwanzo. Watu wanaoonewa kwa sifa waliyobandikwa huishika sifa ile ile, wakaifanya ya kwao, na wakadai haki zao kwa jina lake.

Wasanii walikuwamo katika harakati hizo tangu mapema. Mwaka 1981, mwaka wa machafuko ya Brixton, mtaa wa London, vijana waliozaliwa na wahamiaji kutoka Karibi, wakiwemo Eddie Chambers na Keith Piper, waliweka maonyesho katika jumba la sanaa la Wolverhampton, na mwaka uliofuata wakaitisha katika mji huo huo mkutano wa kwanza wa kitaifa wa sanaa ya watu Weusi. Himid, aliyesomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo, alishughulika na kukusanya kazi za wanawake wenzake: mwaka 1983 aliwaweka wasanii watano katika Kituo cha Afrika, London, na mwaka 1985 akawaweka 11, wenye asili za Afrika, Karibi na Asia, katika taasisi ya sanaa za kisasa ya ICA. Hao 11 hawakupewa ukumbi. Walipewa ushoroba na ngazi, mahali ambapo watu hupita wakienda kwingine, na maonyesho yao yakaitwa Mstari Mwembamba Mweusi. Kutoka katika ushoroba ule walitoka washindi wawili wa Turner, Himid mwenyewe na Veronica Ryan wa mwaka 2022, na mwaka huo huo 2022 Sonia Boyce, aliyekuwamo pia, aliiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya kimataifa ya sanaa ya Venice na akarudi na tuzo ya Simba wa Dhahabu. Mtu anaweza kuisimulia habari hii kama hadithi ya subira yenye kuvuta heri, lakini tukumbuke kuwa subira hiyo ilichukua zaidi ya miaka 30, na kuwa waliokuwa na funguo za kumbi wakati wote huo hawakuwa wao.

Marekani mambo yalikwenda kwa njia yake. Kule mpaka wa rangi ulikuwa wa kisheria kwa muda mrefu, na hivyo weusi haukuhitaji kuundwa upya kama Uingereza. Mwaka 1967, katika upande wa kusini wa mji wa Chicago, wasanii walichora kwenye ukuta wa jengo chakavu sura za watu wanaowaenzi, akiwemo Muhammad Ali, Malcolm X, Nina Simone na W. E. B. Du Bois, na ukuta huo ukajulikana kwa jina la Ukuta wa Heshima. Mwaka mmoja baadaye lilianzishwa katika mji huo kundi la wasanii Weusi la AfriCOBRA, na Harlem, mtaa wa New York, nako likafunguliwa jumba la makumbusho la kuwahifadhi na kuwalea wasanii wenye asili ya Afrika. Mambo hayo matatu yana jambo moja la pamoja linalopita suala la rangi: wenye mtaa ndio waliochagua nani achorwe, na picha ikakaa pale wanapoishi wao.

Msomi Stuart Hall, aliyezaliwa Jamaika na kufanya kazi Uingereza hadi kufariki kwake mwaka 2014, alionya mapema kuhusu udhaifu wa njia hii. Alieleza kuwa utambulisho hauko umelala mahali ukingoja kufukuliwa. Watu hutengeneza sehemu yake kwa namna wanavyojichora na kujisimulia, nao hubadilika. Kundi likishasahau kuwa limejiunda lenyewe kwa sababu maalumu, huanza kuwadai watu wake wafanane, na hapo msanii hutwikwa mzigo wa kuwasemea wote kila anaposhika brashi. Mchoraji mzungu akichora bakuli la matunda, amechora matunda. Mchoraji Mweusi akilichora bakuli hilo ataulizwa matunda hayo yanasema nini kuhusu utumwa.

Sasa tuje huku. Katika mji wa Unguja wa karne ya 19, mpaka uliokuwa ukimtia mtu hofu ulikuwa baina ya mtumwa na muungwana, na mpaka huo haukufuata rangi kwa unyoofu. Hadhi ilikwenda kwa baba. Mtoto aliyezaliwa na suria kwa bwana wake alizaliwa huru, akarithi kama ndugu zake, na akahesabiwa ni wa kabila la baba. Seyyid Barghash, ambaye mwaka 1873, kwa shinikizo la Waingereza, aliifunga biashara ya soko la watumwa la Mkunazini, alikuwa mwana wa suria wa Kihabeshi. Kwa vipimo vya Marekani ya wakati ule, mtawala wa Zanzibar angehesabiwa kuwa Mweusi. Kwa vipimo vya hapa alikuwa Mwarabu wa ukoo wa kifalme, na watu weusi waliokuwa wakichuma karafuu katika mashamba ya Unguja na Pemba hawakuwa wenziwe kwa lolote. Simulizi inayowagawa watu wa historia hii kwa rangi ya ngozi tu itaangukia pua mbele ya mfano huo mmoja.

Waingereza walipotawala walileta visanduku vya sensa, na watu wakajifunza haraka kuwa kisanduku kina faida na hasara zake. Baina ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya waliojiandikisha kuwa Waswahili ilishuka sana, na wengi zaidi wakajitaja kuwa Washirazi, Wahadimu, Watumbatu au Wapemba, kwa sababu jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa. Hata chama kilichoundwa mwaka 1957 ili kuwaunganisha watu wa visiwa hivi kilibidi kibebe majina mawili kwa pamoja, Afro na Shirazi. Nayataja haya kwa sababu hudhaniwa kwamba siasa za utambulisho ni jambo lililoingia juzi kwa mtandao. Wazee wetu waliziishi, na waliziishi kwa gharama kubwa.

Sanaa iko wapi katika yote hayo? Anayetafuta picha zilizotiwa fremu ukutani ataondoka akiamini kuwa hapakuwa na sanaa. Katika jamii ya Kiislamu yenye kusitasita kuchora viumbe, ustadi wa macho na mkono ulikwenda kwenye milango, mikeka ya ukindu, kofia za vito, hina na nguo. Na katika nguo ndimo watu waliokuwa watumwa walipofanya kazi kubwa ya kujichora upya.

Mtumwa wa shamba alivaa merikani, kitambaa cheupe kisichotiwa rangi, au kaniki ya buluu iliyokoza. Safari ya hiyo merikani ni ya kusimamisha nywele. Pamba yake ililimwa na watumwa wenye asili ya Afrika katika majimbo ya kusini ya Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Massachusetts, na ikaletwa na wafanyabiashara wa bandari ya Salem waliokuja kuchukua pembe za ndovu na sandarusi, na ambao nchi yao ilifungua ubalozi mdogo hapa mwaka 1837. Mikono iliyofungwa upande mmoja wa dunia ilikuwa ikiwavisha waliofungwa upande mwingine, na hakuna upande uliojua habari za mwenzake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, merikani iliadimika katika soko la Unguja.

Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar tarehe 6 Aprili 1897, ingawa masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Wanawake waliotoka utumwani, wengi wao wakihamia Ng'ambo, upande wa pili wa mji wa Unguja, walianza kuzikataa nguo zilizowatambulisha. Kaniki waliiacha. Walijifunika vichwa, jambo ambalo mjakazi hakuruhusiwa mbele ya bwana wake, na wakashika kanga, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa inaenea katika pwani hii. Mtu asiyejua angeona ni fasheni tu, na kweli ilikuwa fasheni, yenye kubadilika kwa kasi iliyowalalamisha waume. Lakini ilikuwa fasheni yenye kazi. Aliyevaa doti mpya na kujitanda vizuri hakutambulikana tena njiani kuwa ni mzalia wa nyumba ya fulani.

Inafaa kuitazama kanga yenyewe kwa karibu, kwa sababu umbo lake linaeleza mengi. Pembeni inazungukwa na pindo. Katikati upo mji, ambao ni nakshi kuu: korosho, ua, nanasi, na siku hizi hata picha za viongozi. Na chini ya mji, juu ya pindo la upande mrefu, kuna jina, maneno machache yaliyochapwa kwa herufi kubwa. Mwanzoni kanga hazikuwa na majina. Yalipokuja yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa Kirumi. Mwanamke ambaye heshima haikumruhusu kumjibu mke mwenza au mama mkwe aliweza kulivaa jibu lake na kupita nalo uwanjani, na aliyeguswa akitaka kulalamika angekuwa amekiri kuwa limemgusa. Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, ilitoka kanga yenye sura yake, hongera, na maneno yasemayo kuwa upendo na amani ametujalia Mungu. Watu wa pwani hawakuhitaji kupitia nadharia za weusi ili kulipokea tukio la Washington. Walikuwa na pindo, mji na jina, vikatosha.

Hata hivyo tusiipambe kanga kupita kiasi. Ilichapwa Manchester, Uholanzi, India na baadaye Japani kabla ya viwanda vya Afrika Mashariki kuanza, na faida yake kubwa iliingia mifukoni mwa wenye maduka. Mwanamke wa Ng'ambo alitawala maana ya nguo bila kuitawala biashara yake. Uwezeshaji wa aina hiyo ni wa kweli na una mpaka, na mambo hayo mawili hayana budi kusemwa pamoja.

Himid, aliyeikuta kanga kupitia mama yake na baadaye kupitia safari zake mwenyewe za kurudi hapa, ameichukua umbo lake kwa miaka mingi. Bendera na picha zake nyingi hufuata mpango huo huo wa pindo, umbo la katikati na maneno. Lakini kazi yake inayotufaa zaidi katika mjadala huu ni ile aliyoionyesha kwa mara ya kwanza mjini Newcastle mwaka 2004. Ni watu 100 wa mbao nyembamba, waliokatwa kwa kimo cha binadamu na kupakwa rangi za kung'aa, wakiwawakilisha Waafrika waliotumikishwa katika nyumba za wakubwa wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, wafunza mbwa, waganga wa mitishamba. Mtazamaji hupita katikati yao, bega kwa bega. Na akizunguka nyuma ya kila mmoja hukuta karatasi iliyobandikwa, iliyofanana na ya daftari la hesabu, yenye maneno ya mtu huyo: jina langu ni hili, wao wananiita hivi, kwetu nilikuwa nikifanya kazi hii, sasa nafanya hii, na hata hivyo nimebakiwa na kitu fulani. Jina la kwanza halikufutwa na la pili. Yote mawili yamo, na mtazamaji ndiye anayelazimika kuzunguka ili ayasome.

Iweke kazi hiyo kando ya sanamu za Mkunazini. Mwaka 1998, katika uwanja wa kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, alitengeneza kumbukumbu ya watumwa: watu watano wamesimama ndani ya shimo la mraba, chini ya usawa wa ardhi, wakiwa na minyororo halisi shingoni. Ni kazi nzito na nzuri, na sina ugomvi na uraia wa aliyeitengeneza. Jiwe halina pasipoti. Ninachokiuliza ni mahali inapomweka mtazamaji. Mgeni husimama ukingoni, akawatazama watu wale kutoka juu, na mpangilio wa shimo haumpi nafasi nyingine ya kusimama isipokuwa ile aliyosimama mnunuzi. Huenda huo ndio ukali uliokusudiwa, yaani kumtia mtazamaji haya kwa nafasi yake. Lakini watano wale hawana majina, hawana kazi walizozijua, wala hawatoki popote. Ndani ya shimo wao ni watumwa basi. Nyaraka za Zanzibar zinawajua watumwa kwa majina waliyopewa, akina Mabruki na Feruzi, majina ya baraka na ya vito aliyoyachagua bwana, na chini ya kila jina kama hilo lilikuwapo jina la kwao. Kumbukumbu ya mateso inawaonyesha watu hao bila ya kuwarudishia chochote katika vile walivyonyang'anywa.

Kasoro hiyo ya majina haikuanzia hapo. Studio za picha za Unguja za mwisho wa karne ya 19, zile za akina Gomes na Coutinho, zilitoa kadi nyingi za posta zenye wanawake waliopambwa na kupangwa mbele ya kamera, na chini yake pakaandikwa aina ya mtu, kama vile mwanamke wa Kiswahili, bila jina lake. Milango nayo ina aya za Kurani, mwaka wa Hijria na pengine jina la mwenye nyumba juu ya fremu, na fundi aliyekaa miezi akiichonga hana mahali alipotajwa.

Ukipita leo katika vichochoro vya Mji Mkongwe utakuta weusi mwingine kabisa, ule wa kuuzwa. Picha za Wamasai warefu wenye mashuka mekundu mbele ya jua linalozama zimepangwa hatua chache kutoka baharini, katika kisiwa cha wavuvi na wakulima wa karafuu, na kando yake kuna wanyama wa Tingatinga, mtindo ulioasisiwa Dar es Salaam na Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya mbao za dari. Siwalaumu vijana wanaozichora, kwani wanalisha nyumba zao, na baadhi yao wana mkono wa ajabu. Ila mchoraji anayechora mara mia ile Afrika ambayo mtalii alikuja nayo kichwani yuko katika hali inayofanana na ya yule mwanamke wa kadi ya posta, kwa tofauti kwamba sasa ameshika brashi yeye mwenyewe. Brashi anayo, uamuzi hana.

Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya mwaka 2003 inamlinda mchoraji na mbunifu wa nakshi kama inavyomlinda mwimbaji, na ni jambo la maana kwamba ipo, maana bila ya malipo maneno yote ya uwezeshaji hubaki maneno. Lakini sheria ya namna hiyo inamtaka mwenye mali ajitaje, na sehemu kubwa ya sanaa ya visiwa hivi haikupita katika mkono mmoja. Kanga ya kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bibi harusi wa Unguja na wa Pemba hawezi kuikosa, huchapwa India na kuuzwa kwa mamia Darajani, na hakuna mbunifu wa kumdai haki zake. Wenye kisutu ni wale walioivaa, wakawavisha binti zao, wakaikatalia nguo nyingine yoyote ichukue nafasi yake siku ya harusi, na hao hakuna fomu ya ofisini yenye nafasi ya kuwaandika.